Mkadiriaji wa Mawimbi

Baiskeli yake alikuwa akiisukuma. Ilikuwa nzima kabisa, ina breki, kengele na taa ya dainamo, lakini mwaka mzima niliofanya kazi chini yake sikumwona ameipanda hata mara moja. Nilipomzoea nilimuuliza. Alinijibu taratibu, kama anayesoma karatasi. Barabara ya kutoka Shelui hadi kijijini kwetu ilikuwa na miiba na kokoto nyingi, na alishapiga hesabu akaona kwamba akipanda, uharibifu wa tairi na tyubu unazidi thamani ya muda anaouokoa.

"Sasa si bora uiache nyumbani, mzee?"

"Nikiiacha itakaa bure. Kitu kilichonunuliwa kikikaa bure ni hasara tupu."

Basi akaendelea kuisukuma, jua la kiangazi likimpiga utosini na watoto wakimfuata nyuma wakimwomba wamsaidie kuipanda.

Tulimwita Mkadiriaji. Jina alilopewa na wazazi wake ninalijua, lilikuwa kwenye kila karatasi aliyonisainia, lakini hata mkewe, siku niliyokwenda kwao Singida mjini, alinipokea kwa kusema, "Mkadiriaji ametoka, karibu ukae." Alikuwa mtumishi wa ofisi moja ya mkoani, na kazi yake ilikuwa kutangulia. Kabla ya daraja, zahanati au choo cha shule kujengwa, yeye alikwenda kwanza, akapima, akauliza bei, akasema kitagharimu kiasi gani na kama kinafaa kujengwa. Mara nyingi alisema hakifai. Mara nyingi kilijengwa.

Hakuweza kuiacha kazi hiyo ofisini. Kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti wetu wa kijiji alikaribishwa akae na wazee. Akayatazama masufuria yaliyokuwa jikoni, akawatazama watu waliokuwa uwanjani, akamwinamia mwenye harusi na kumwambia, "Wali wako utaishia kwa mtu wa themanini."

"Nani amekuuliza?" mwenyekiti akasema.

"Hakuna. Nimekupa bure."

Wali ulikwenda hadi kwa mtu wa themanini na nane. Mwenyekiti alipokuja kumcheka, Mkadiriaji akamweleza kwamba wale wanane alishawaweka, ndio wale wa asilimia kumi, ila hakuwataja kwa sababu hawatakiwi kutajwa. Katika kila hesabu yake aliongeza asilimia kumi aliyoiita "yasiyotarajiwa". Akitaka mayai kumi alinunua kumi na moja. Akisema atafika saa nne alifika saa nne na dakika chache, akaomba zile dakika zihesabiwe humo.

Hiyo asilimia kumi ndilo jambo pekee tulilowahi kubishania. Nilimwambia kwamba baba na mama yetu walikufa katika masika moja, hawakupishana hata mwezi, na mimi nikatoka darasa la tano kwenda kushika jembe. "Yasiyotarajiwa ya kwetu, mzee, yalikuwa mia kwa mia." Yeye akafungua daftari, akaniuliza tulibaki wangapi, kana kwamba kulikuwa na mahali pa kuandika.

Kwa mtu wa namna hiyo ungetegemea kukuta nyumba ya mfano. Niliiona. Alikuwa amepanga vyumba viwili, na kiwanja chake mwenyewe kilikuwa na nyasi zilizofika kiunoni. Makadirio ya nyumba yake alikuwa ameyafanya tangu bendera mpya ilipopandishwa, lakini kila alipomaliza, bei ya mabati ilikuwa imepanda, akaanza upya. Mkewe alinionyesha kabati lililojaa nyumba hiyo, daftari juu ya daftari. Mama huyo hakuwahi kukadiria chochote, na ndiye aliyekuwa anajua chumvi imebaki kiasi gani.

Jinsi alivyofika kwetu ni hadithi yenyewe.

Mwaka ule mafuta yalipanda bei dunia nzima, na mashine ya kusaga ya kijiji chetu ikanyamaza. Tulikuwa tumehamia pale si muda mrefu, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na mashine ilikuwa kitu cha kwanza tulichokipata kwa pamoja. Ilipokosa dizeli, wanawake tukarudi kwenye kinu, au tukabeba mtama kichwani mpaka Shelui, kutwa nzima kwenda na kurudi. Kijiji kilikuwa na akiba ya shamba la pamoja, na kila mkutano ulikuwa juu ya akiba hiyo itumikeje ili unga upatikane.

Wakati huohuo mkubwa mmoja wa mkoani alikuwa amesafiri nje, na huko akaonyeshwa picha ya mashine inayoelea baharini na kuzalisha nguvu kutokana na mawimbi. Alirudi nayo kichwani. Singida haina bahari, lakini upepo inao, na sisi tulikuwa kando ya ziwa Kitangiri. Akaja kutuhutubia. Nchi inayojitegemea, alisema, haiwezi kupigia magoti pipa la dizeli wakati maji yake yenyewe yanacheza bure mchana kutwa. Mzee mmoja akanyoosha mkono na kusema kwa heshima kwamba mawimbi ya ziwa letu ni mafupi.

"Ni mafupi kwa sababu hayajahamasishwa," mkubwa akajibu, na watu wakapiga makofi.

Kilichobaki ni karatasi. Ofisi ikamtuma Mkadiriaji aje athibitishe kwamba jambo linawezekana, na aseme litagharimu kiasi gani. Aliisoma barua ile mbele yetu, akaikunja, akasema, "Siwezi kulikubali jambo ambalo sijalipima. Siwezi kulikataa pia. Nipeni mwaka."

Alihitaji mtu wa kupima kila siku. Mwenyekiti akamleta mpwa wake, kijana aliyevaa suruali ya kupanuka chini. Mkadiriaji akamwuliza, "Wangapi wanakula kwako?"

"Mimi mwenyewe."

Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekuja kuleta maji ya kunywa ya wageni. "Na wewe?"

"Watatu, na mimi wa nne."

"Huyu hatakosa siku," akasema, na kazi ikawa yangu. Mwenyekiti alilalamika kwamba kupima mawimbi si kazi ya kike. Mkadiriaji akamwomba amwonyeshe wimbi la kiume.

Huo mshahara wa kibarua naomba ueleweke. Nilikuwa na wadogo watatu, na aliyenifuata, Mkumbo, alikuwa ameanza darasa la saba mwezi huohuo. Baba yetu mdogo alikuwa na ng'ombe wengi, na kila alipopita kwetu alisema, "Huyu kijana nipe achunge. Atakula kwangu, utapumua." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anangoja tu nichoke. Mshahara ulipofika, nilikuwa na la kumjibu: "Angoje amalize darasa la saba, baba. Akishindwa mtihani, atakuja mwenyewe na fimbo yake." Mtihani ulikuwa mwishoni mwa mwaka. Kazi ikikatika kabla ya hapo, Mkumbo alikuwa mchungaji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ubao mrefu uliopakwa mistari myekundu na myeupe ulisimikwa majini, hatua kama thelathini kutoka ukingoni. Mara tatu kwa siku, saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, nilisimama juu ya jiwe lililowekwa alama, nikatazama mawimbi ishirini yakipita, na kwa kila moja nikaandika maji yamepanda mpaka mstari wa ngapi na kushuka mpaka wa ngapi. Sharti lake lilikuwa moja. "Andika namba. Usiandike maelezo. Maelezo ni kazi yangu."

Watu walinicheka sana. Wanawake wenzangu wakipita na ndoo waliniuliza, "Leo yamejaa au yamepungua? Tuyaongezee?" Mwingine akiniona nimesimama pale jua linawaka alisema kazi ya serikali ni tamu, unalipwa kwa kutazama maji. Nami niliwajibu kwamba wao wanayatazama bure.

Kila mwisho wa mwezi alikuja kuchukua daftari langu, akisukuma baiskeli. Alikaa juu ya gogo karibu na maji, akachora namba zangu kwenye karatasi yenye vijumba, na huku akila mahindi ya kuchoma alinifundisha. Shuleni nilikuwa nimeishia darasa la tano, lakini sijapata mwalimu mwingine aliyenichukulia kama mtu aliyekwisha kuelewa. Alisema watu hudhani gharama ya kitu ni bei yake dukani. Si hivyo. Ni bei ya kukinunua, kukisafirisha, kukifunga, kukitunza kila mwaka, na siku ya mwisho kukizika. Ukishajumlisha yote hayo, unagawa kwa kazi ambayo kitafanya mpaka kife. Hapo ndipo unapata bei ya kweli ya debe moja la unga.

"Upepo ni bure, mzee, na maji ni bure," nilimwambia siku moja, kwa kumchokoza tu.

"Hata jua ni bure. Anika nguo bila kamba."

Mwezi wa nne akajenga mfano. Mkubwa wa mkoani alikuwa ameanza kuuliza kwa nini hakuna kinachoonekana. Mkadiriaji akaleta pipa tupu, akalifunga kwenye ncha ya mti mrefu ulioegemezwa katikati ili ucheze juu na chini, pipa upande wa majini, na upande wa nchi kavu akafunga mchi. Chini ya mchi akaweka kinu na mtama ndani. Wimbi likiinua pipa, mchi unashuka. Pipa likishuka, mchi unapanda. Kijiji kizima tulikwenda kutazama. Wimbi likaja. Mchi ukashuka nusu, ukasita, ukarudi juu kama umesahau kitu.

"Huu mchi unafikiria," alisema bibi mmoja jirani yangu, mwanamke mwembamba asiyemwogopa yeyote.

"Subirini," mwenyekiti akasema. "Ni wa kisasa."

"Mwanangu, hata mke mvivu anatwanga kuliko huu. Na huyo unaweza kumrudisha kwao."

Ulitwanga mpaka jioni. Mkadiriaji hakuondoka, alikaa na saa yake mkononi, na hakucheka wala hakuwakataza waliocheka. Jua lilipokaribia kuzama akapima mtama uliotwangika. Ulijaza kikombe kimoja cha chai, na nusu yake ilikuwa imevunjika tu. Akaandika. Akaandika pia bei ya pipa, ya mti, ya kamba na ya siku yake. Kisha yule bibi akaushika mchi wake mwenyewe, akamaliza kinu kilichobaki kabla watu hawajatawanyika, akamwuliza, "Na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika, bibi."

"Umeweka bei gani?"

"Hapo ndipo nimekwama. Hakuna ofisi inayoniruhusu kuiandika."

Nilidhani mambo yangekwisha siku ile. Yalizidi. Mkubwa wa mkoani alipopata habari kwamba mashine ya mawimbi imetwanga mtama, hakuuliza mtama kiasi gani. Ikatangazwa kwenye mikutano mpaka Iguguno kwamba kijiji fulani kando ya ziwa kimeanza kusaga kwa mawimbi, na kwamba akiba ya shamba la pamoja itawekwa kwenye mashine kubwa mara tu makadirio yatakapokamilika. Wanawake tuliokuwa tunabeba mtama kwenda Shelui tulipongezwa barabarani.

Kisha kiangazi kikaingia, na namba zangu zikapanda.

Si zote. Za asubuhi zilikuwa zilezile, vidole viwili vitatu, na za alasiri ziliongezeka kidogo kwa sababu ya upepo wa miezi ile. Lakini za saa sita ziliruka. Maji yalipanda mistari ambayo yalikuwa hayajaifikia tangu ubao uwekwe, na yalipanda kila siku, upepo uwepo usiwepo. Kwenye karatasi ya vijumba ilikuwa kama mlima katikati ya mbuga. Mtu yeyote mwenye ziwa angekufa kwa furaha.

Mimi nilijua ni nini tangu siku ya kwanza. Visima vilikuwa vimekauka, na saa sita ndiyo saa ya kunywesha. Ng'ombe wa kijiji na wa vijiji vya jirani waliletwa ziwani kwa pamoja, zaidi ya mia mbili, na wengi wakiwa wa baba yetu mdogo. Wakaingia majini mpaka tumboni pande zote za ubao wangu, wakasukumana, wakageuka, wakakimbizana na wachungaji, na maji yakaenda juu na chini. Nilisimama kwenye jiwe langu, nikahesabu ishirini, nikaandika. Namba ilikuwa ya kweli. Maelezo nilikatazwa.

Sisemi hivyo kujitetea. Ningeweza kumwambia mwisho wa mwezi ule. Lakini nilijua kwamba namba zile za saa sita ndizo zilizobaki kuupa ule mpango uhai. Zikiondoka, hapakuwa na cha kupima tena, ubao ungeng'olewa, na ilikuwa bado miezi mitano mtihani wa Mkumbo ufike. Baba mdogo alipita jioni moja, akamtazama Mkumbo akisoma mlangoni, akasema, "Kazi yako ya kutazama maji bado ipo?" Nikasema ipo. Yeye hakujua kwamba ng'ombe wake ndio walioishikilia.

Kilichonishangaza ni Mkadiriaji. Alikuja mwezi ule, na uliofuata, na uliofuata. Alikaa kwenye gogo lake tangu asubuhi. Saa sita ng'ombe walikuja, wakapita mbele yake, kushoto kwake, nyuma yake. Siku moja ndama alinusa mfuko wa karatasi zake, naye akausogeza bila kuinua macho. Vumbi likamjaa, akalipuliza kwenye karatasi ya vijumba, akaendelea kuchora ule mlima. "Saa sita inaendelea vizuri," alisema. Nikajiambia kwamba mtu huyu amezama kwenye namba kiasi kwamba dunia haimfikii. Wasomi wengine ndivyo walivyo. Nikanyamaza, na kila mwisho wa mwezi nikapokea mshahara wangu nikiwa na haya.

Mkumbo akafanya mtihani. Wiki chache baadaye, kabla mvua hazijaanza, ikatangazwa kwamba mkubwa wa mkoani anakuja kupokea makadirio mbele ya wananchi, ziwani palepale, na kwamba siku hiyohiyo kijiji kitapiga kura kutoa akiba yake.

Usiku haukunipa usingizi, nikamfuata Mkadiriaji asubuhi na mapema akiwa anafunga kamba za viatu nje ya ofisi ya kijiji. Nilimwambia yote. "Mzee, saa sita si mawimbi. Ni ng'ombe. Tangu mwezi wa sita ni ng'ombe. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu ya mdogo wangu. Leo wanataka kutoa akiba ya watu, na hao wanawake wataendelea kubeba mtama mpaka wazeeke. Nikatwe mshahara wote kama ni lazima."

Alimaliza kiatu cha kwanza, akahamia cha pili.

"Uliandika ulichokiona kwenye ubao?"

"Ndiyo."

"Mstari hata mmoja hukuongeza?"

"Hata mmoja."

"Basi kazi yako umefanya. Kukadiria ni kwangu."

Mkutano ukaanza kwa kuchelewa kama kawaida, na hotuba zikaenda mpaka jua likasimama katikati. Ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa. Mkubwa wa mkoani alikuwa ameshaanza kulitazama kwa wasiwasi. Ndipo ng'ombe walipokuja, maana wao hawakuwa na taarifa ya mkutano. Waliingia majini upande wa nyuma ya matete, na kwa kuwa wageni walikuwa wameketi upande wa huku, walichokiona ni maji tu yakianza kuinuka, yakipiga ubao, yakilowesha viatu vya waliokaa mbele.

Mkubwa akasimama. "Ndugu wananchi! Mnaona wenyewe! Saa sita kamili!"

Mwenyekiti akaanzisha makofi. Mkadiriaji akangoja yaishe, akafungua mfuko, akatoa ripoti yake.

"Ndugu, hayo si mawimbi," alisema. "Ni mifugo ya wananchi hawa. Wako nyuma ya matete."

Ng'ombe mmoja akalia, kama shahidi aliyeitwa.

"Kama ni nguvu ya ng'ombe tunayoitaka," akaendelea kwa sauti ileile ya kusoma, "ni rahisi kuwafunga kwenye jiwe la kusagia wakalizungusha nchi kavu. Wakiingia majini ili watikise ziwa, ziwa litikise pipa, pipa litikise mashine, tunapoteza karibu kila kitu njiani." Kisha akasoma bei. Mapipa, minyororo, mabomba, fundi kutoka mbali, kutu, siku za upepo na siku za kimya, yote yamejumlishwa na kugawanywa. Debe moja la unga wa mawimbi lingegharimu zaidi ya mbuzi.

Yule bibi jirani yangu akasimama. "Basi tule mbuzi."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mkubwa wa mkoani hakucheka. Alimwuliza Mkadiriaji kama anajua kwamba jambo hili lilishatangazwa. Mkadiriaji akajibu kwamba gharama ya kutangaza ameiweka ukurasa wa tisa. Ukurasa wa mwisho, ambao hakuna aliyemwomba, ulisema kijiji kitengeneze mashine yake ileile ya dizeli, nafaka ikusanywe nyumba zote, na iwashwe siku mbili tu kwa wiki. Kura ikapigwa kwa mikono. Akiba ikabaki kijijini, na kabla mvua hazijakatika tulikuwa tunasaga Jumanne na Ijumaa.

Ubao uling'olewa wiki ileile. Mkadiriaji alihamishiwa Itigi, akakadirie magogo. Alipita kuniaga, akanisainisha malipo yangu ya mwisho, akaisukuma baiskeli kwenda zake. Ripoti aliiacha nakala moja kwa mwenyekiti, na mwenyekiti, ambaye hakutaka kuiona, akanipa mimi. Niliisoma polepole kwa siku nyingi. Katikati nikakuta sentensi hii: vipimo vya saa sita kuanzia mwezi wa sita havikutumika, kwa sababu ya mifugo. Karatasi zote zilikuwa zimepigwa chapa mjini, na tarehe ilikuwa ya wiki tatu kabla ya asubuhi ile niliyomkuta akifunga viatu. Wiki ya mtihani wa Mkumbo.

Nilikaa na jambo hilo miaka mingi. Vijiji vilianza kutawanyika, watu wakarudi kwenye mashamba yao ya zamani, na mimi nikahamia Shelui, nikauza vitunguu na kuku kwa abiria na madereva wa malori. Mkumbo alichaguliwa, akasoma, akawa mwalimu wa hesabu. Wale wawili wengine walimfuata kwa mshahara wake.

Mchana mmoja nilimwona mzee amekaa kwenye benchi la kibanda changu akingoja basi la kwenda Singida, mfuko magotini, amevaa koti lilelile lililopauka. Nilimjua kabla hajainua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kidogo tu. "Mpimaji. Hukukosa siku hata moja."

Nilimletea chai. Tukaulizana habari za nyumbani. Mkewe alikuwa mzima, na nyumba alikuwa ameijenga yeye, mama huyo, wakati mumewe yuko Itigi, bila kumwambia. Alilisema hilo kwa uchungu, kisha akakiri kwamba paa halivuji. Nikamweleza habari za Mkumbo. Nikamwambia niliiona ile tarehe. Nikamwambia kwamba alijua habari za ng'ombe mapema, akaniacha nipime mpaka mtoto amalize, na kwamba nimekuwa nikitaka kumshukuru tangu wakati ule.

Kikombe kikasimama njiani.

"Unanishukuru kwa nini hasa?" akauliza.

"Kwa kutusaidia, mzee."

"Unasema niliona kwamba vipimo havina kazi, nikaendelea kulipia vipimo hivyo kwa fedha ya umma miezi mitano, kwa sababu ya mtoto wa mtu." Alikuwa amekasirika kweli. "Unajua jambo hilo linaitwaje? Mimi miaka yote ya kazi sikuchukua hata kalamu ya ofisi."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema hivyohivyo."

Lori likapita, vumbi likatua juu ya vitunguu. Alikaa muda mrefu akilipigia hesabu jambo hilo, nikamwona anahama kutoka upande mmoja wa hesabu kwenda mwingine. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Sikuwaona," akasema.

"Nani, mzee?"

"Hao ng'ombe. Niliambiwa baadaye, na mtu tu, kabla tu ya kupiga chapa. Mimi mwenyewe sikuwaona."

"Walikuwa zaidi ya mia mbili. Ndama alinusa mfuko wako."

"Macho yangu mabovu. Yalikuwa mabovu tangu ujana. Watu hawakujua."

"Pole, mzee," nikasema.

"Ahsante."

Tukatazama barabara. Mbali kabisa, upande wa Nzega, kulitokea vumbi. Akasimama, akashika mfuko wake, kisha akaketi tena.

"Hilo halitasimama," akasema. "Limejaa. Kuna mmoja anang'inia mlangoni, amevaa shati la kijani."

Nilikodoa macho nikaona vumbi tu. Nikammiminia chai nyingine, tukangoja lifike.